Simu Aliyoipokea Bwana Najua

Majirani, sogeeni karibu, na mwenye simu mkononi aiweke chini kidogo. Habari ninayowapa leo haifurahishi, na naisimulia nikiwa nimekasirika. Msiniambie nipoe. Nitapoa nikimaliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya amani. Ukiingia sebuleni asubuhi ya siku ya mapumziko, ungemkuta mama mwenye nyumba amekaa kwenye kochi, kikombe cha chai pembeni, anamsuka binti yake nywele. Binti angekuwa analalamika kwamba mama anavuta kama anang'oa magugu. Na barazani ungemkuta baba mwenye nyumba amemwaga vitu vyake vya safari sakafuni: hema lililokunjwa, jiko dogo la gesi, kamba, soksi nene, na buti alizozipaka mafuta mpaka zikang'aa. Angekuwa anaimba puani, wimbo ule ule, na mkewe angemwambia kama hawezi kubadilisha wimbo basi abadilishe sauti.

Mama huyu alikuwa mpokea simu katika idara ya maji. Kutwa nzima alikaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni, akisikiliza watu waliopandwa na hasira. Bomba limepasuka, maji yanaingia chumbani, godoro linaelea, njooni sasa hivi. Naye aliuliza swali moja tu: "Uko wapi?" Hamtaamini majibu aliyopata. "Niko hapa nyumbani." "Hapa karibu na kwetu." "Si mnapajua, pale penye ukuta?" Mtu anazama sebuleni kwake na bado anadhani dunia nzima inajua anakokaa. Jioni alirudi akawasimulia mume na binti, wakacheka mpaka machozi. Mume ndiye aliyecheka kuliko wote. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Mume alikuwa mwalimu wa udereva, na alikuwa mkali. Ukikaa naye ndani ya lile gari lenye pedali mbili za breki, moja yako na moja yake, ukasahau kuwasha indiketa, ulikuwa na kesi ya kujibu. "Washa indiketa," angekuambia, "mimi niliye nyuma yako nitajuaje unaelekea wapi? Nimeoteshwa?" Wanafunzi walitoka pale majasho yakiwatiririka, lakini walifaulu. Mjini palijaa madereva wanaowasha indiketa hata wanapoingia kwenye geti la nyumba zao, na wote walipita mikononi mwake.

Sasa likizo ikifika, mwalimu huyu alibeba mkoba wake mgongoni akaenda milimani peke yake, huko kusiko na njia wala mtandao wa simu. Na mkewe akimuuliza anaelekea upande gani, alijibu, "Kule juu." Kule juu, jamani. Milima yenyewe ukiitazama kutoka mjini inajaa dirisha zima, kushoto mpaka kulia. Mwenye indiketa zake huyo.

Safari moja alichelewa kurudi, na aliporudi alikuwa amevimba uso, kateleza kwenye mawe. Mkewe hakugombana naye. Alimsafisha jeraha kwa maji ya chumvi, akamwekea chakula, akangoja amalize kula.

"Baba watoto," alimwambia, "sikuzuii kwenda. Ningetaka mume wa kukaa nyumbani ningeolewa na mwingine, wewe nilikukubali na milima yako. Lakini safari ijayo hutoki mlango huu bila kifaa cha setilaiti."

"Sawa, mama watoto," alijibu, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Walikwenda dukani pamoja. Lilikuwa duka la vifaa vya safari, mahema yametundikwa kwenye dari, na nyuma ya kaunta alikaa dada mmoja mwenye mafua, kitambaa hakimtoki mkononi. Aliwapangia vifaa vitatu juu ya kioo.

"Hii ni simu ya setilaiti," alisema. "Unaongea nayo kama simu yoyote, ila ni nzito, inakula chaji na muda wa maongezi ni ghali. Hiki cha pili kinatuma ujumbe mfupi na kupokea, na kila baada ya muda kinamwonyesha aliye nyumbani mahali ulipo kwenye ramani. Kitufe cha dharura kipo pia. Lakini lazima ukilipie kifurushi, kisipolipiwa ni jiwe. Na hiki cha tatu hakina maneno. Kina kitufe kimoja. Ukikibonyeza, kituo cha uokoaji kinapata ishara yako na mahali ulipo, basi. Hakina kifurushi, kinakaa miaka. Lakini hakiwezi kusema 'nimechelewa', na ukikiuliza kitu hakikujibu."

"Kipi kizuri?" mwalimu aliuliza.

"Vyote vizuri." Dada alipiga chafya, akaomba radhi. "Watu huniuliza kipi kigumu, kipi kinaelea majini. Mimi nawauliza swali lingine. Unakwenda peke yako, sawa. Nyumbani anayekusubiri ni nani, na anataka kujua nini?"

Mwalimu alimtazama mkewe.

"Mimi nataka kujua yuko wapi," mke alisema. "Kazini nauliza swali hilo kutwa. Nimechoka kulibeba mpaka nyumbani."

Wakachukua kile cha ujumbe. Jioni ile mwalimu alisimama uani chini ya anga wazi, akabonyeza maneno, na simu ya mkewe ikalia jikoni. Ujumbe ulisema: "Chai iko wapi?" Binti alikimbia na simu akionyesha ramani, baba yake kawa nukta ndogo ya bluu nyuma ya nyumba. Walicheka sana. Na mama yule, nawaambia, usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa likizo nyingi.

Sasa niwaletee aliyekuja kuuharibu.

Mwalimu alikuwa na kaka yake mkubwa, mwenye duka la matairi. Jina lake la kuzaliwa sasa analitumia mama yake peke yake, maana mtaa mzima unamwita Bwana Najua. Ukimwambia mvua imenyesha, anasema najua. Ukimwambia umefiwa, anasema najua, halafu anakuuliza ni nani. Sijawahi kumsikia akiuliza njia. Aliwahi kuzunguka mji mzima akitafuta msiba, akaishia kula kwenye harusi ya watu asiowajua, na alipoulizwa akasema alijua.

Bwana Najua alikuja, akakaa, akakiona kifaa mezani. Alikipimapima kiganjani.

"Najua hivi vitu," alisema. "Hii ni kengele ya mbuzi. Komando mzima unavikwa kengele shingoni, mkeo akae jikoni asikilize unalia wapi?"

"Shemeji," mke alisema, "mbuzi mwenye kengele hupatikana."

Alicheka hata Bwana Najua mwenyewe. Lakini mumewe hakucheka. Mkewe alimwona anakichukua kile kifaa na kukitia mfukoni, polepole, kama mtu aliyekutwa na kitu cha aibu. Mwanamume aliyefundisha nusu ya mji kuwasha indiketa aliona haya kuiwasha ya kwake, kwa sababu ya neno moja la muuza matairi. Mimi hapo ndipo damu inapoanza kunichemka.

Kilichofuata mkewe alikuja kukijua baadaye, lakini nyinyi nawapa sasa ili mwende naye mkijua. Siku moja yeye akiwa kazini, mwalimu alirudi dukani na kile kifaa ndani ya boksi lake. Alisema anataka kubadilisha, achukue kile cha kitufe kimoja. Dada wa mafua alimuuliza kama mama amekubali. Alisema wamezungumza. Kisha dada akamweleza kwamba lazima kifaa kisajiliwe, na kwamba ishara ikitoka, kituo cha uokoaji kitapiga simu kwanza kwa mtu wake wa karibu ili kuhakikisha. Apigiwe nani?

Nambari ya mkewe aliijua kwa kichwa. Lakini dada alikuwa amesema pia kwamba kituo humtumia huyo mtu ujumbe wa kumjulisha kuwa amesajiliwa, na ujumbe huo ungefichua mabadilishano. Basi akatoa nambari ya kaka yake.

"Na kaka yako anazifahamu safari zako?" dada aliuliza.

"Kaka yangu anajua kila kitu," alijibu.

Alipopita kwenye duka la matairi kumwambia kaka yake kwamba nambari yake imeandikishwa mahali fulani, Bwana Najua alikuwa amejikunja juu ya ringi la lori. "Najua," alisema, bila kuinua kichwa.

Likizo ilifika. Ijumaa asubuhi mwalimu alifunga mkoba, na mkewe, ambaye alikuwa anawahi kazini, alisimama mlangoni akivaa viatu.

"Umekibeba?"

"Nimekibeba."

"Utapita upande gani?"

"Kule juu. Utaona kwenye ramani." Alisema hivyo bila kupepesa macho. "Jumatatu jioni nipo hapa."

Ijumaa ile mkewe aliifungua ramani kwenye simu, hakuona nukta. Alidhani labda gari la abiria limechelewa kumfikisha. Jioni aliifungua tena. Binti alimwambia huenda yuko kwenye bonde, maana mawe marefu huzuia ishara. Jumamosi alifua nguo na simu ikiwa juu ya ukuta wa uani. Alipiga pasi nayo mfukoni. Kila ilipolia alifuta mikono kwa haraka, na kila mara ilikuwa ni mtu mwingine. Alianza kujilaumu: labda kuna mahali pa kubonyeza ambapo yeye hapajui, labda kifurushi kimekwisha na alipaswa kukumbusha. Ona ubaya wa uongo huu. Mume ndiye aliyedanganya, mke ndiye aliyekuwa anajikagua.

Jumapili alasiri alishindwa kuvumilia, akampigia Bwana Najua.

"Shemeji, baba watoto alitoka Ijumaa kwenda milimani, na hajatuma ujumbe hata mmoja. Amewasiliana na wewe?"

Bwana Najua alinyamaza. Mama huyu anaishi kwa simu, anajua kimya cha mtu anayefikiri na kimya cha mtu aliyeshtuka, na hiki kilikuwa cha kushtuka. Alisikia redio nyuma yake, mtangazaji wa mpira. Kisha shemeji yake akakohoa.

"Kwani amesafiri?" aliuliza.

"Ndiyo, shemeji. Tangu Ijumaa, na alisema atarudi Jumatatu."

"Aa, najua, najua. Sawa. Yule ni komando, shemeji. Si amesema Jumatatu? Basi ngoja Jumatatu. Acha kumchunga mtu mzima."

Akakata.

Jumatatu mwalimu hakurudi. Chakula kililala mezani kimefunikwa. Mke alimpigia shemeji yake tena, simu ikaita mpaka ikachoka. Jumanne duka la vifaa lilipofunguliwa, alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi, binti yake kamshika mkono.

"Dada, kile kifaa mlichotuuzia hakileti ujumbe," alisema. "Nionyeshe ninapokosea."

Dada wa mafua alimtazama, akamtazama binti, akaweka funguo chini.

"Mama," alisema, "si alikuja kukibadilisha? Alisema mmezungumza."

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha kukunja kilichokuwa kinauzwa, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Ninyi mlioolewa mtanielewa. Hofu ilikuwepo, lakini juu ya hofu ilikuja hasira, na ilikuja nzima. Alikuwa ameitazama ramani tupu kwa siku zote hizo kumbe mwenyewe hakuwamo humo tangu mwanzo.

Dada aliwapigia kituo cha uokoaji papo hapo, akampa simu. Sauti ya afisa ilikuwa ya mwanamume mtaratibu. Alitafuta, akapata.

"Mama, kifaa hiki kinatoa ishara tangu Jumapili asubuhi," alisema. "Sasa imedhoofika, betri inakwisha. Tulipiga nambari iliyosajiliwa. Aliyepokea alisema yeye ni kaka wa mwenye kifaa, na kwamba mdogo wake yuko nyumbani, hajasafiri, amekibonyeza kwa kuchezea. Alisema atamwambia akizime. Jana tulimpigia tena, hakupokea. Siku hizi mbili huku kuna mafuriko, mama, vikosi vyote viko nje. Ishara hii tuliiweka kando tukisubiri izimwe."

"Alisema yuko nyumbani."

"Ndiyo. Alisema, nanukuu, 'Najua yuko nyumbani.'"

Na hao wa kituo nao nina neno nao, msidhani nimewasahau. Ishara inatoka kwenye mawe ya mlimani, na ninyi mnaridhika na mtu mmoja wa mjini anayewaambia mwenyewe yuko nyumbani, tena anachezea kitufe? Lakini wao angalau walipiga simu. Nirudi kwa mama yetu.

"Mimi ni mkewe," alisema. "Hayuko nyumbani. Yuko mlimani tangu Ijumaa, yuko peke yake, alipaswa kurudi jana. Tumeni watu sasa."

Afisa alibadilika sauti. Akauliza rangi ya hema, akajibiwa ni la kijani. Akauliza koti, ugonjwa wowote, chakula alichobeba, aina ya damu. Mama alijibu yote bila kusita, kama anayesoma.

"Na alisema atapita njia gani?"

Mwanamke aliyetumia nusu ya umri wake kuwauliza watu wako wapi alifumba macho. Alikumbuka wote waliomjibu kwamba wako hapa karibu na kwetu, na jinsi alivyorudi nyumbani kuwacheka, mumewe akicheka kuliko wote.

"Alisema kule juu," alijibu.

Walimpata alasiri ile ile. Ishara ilikuwa bado na nguvu ya kutosha kuwafikisha kwenye korongo, na helikopta ilimwona kwa sababu alikuwa ametandaza hema lake juu ya mwamba. Alikuwa hai. Alipelekwa hospitali moja kwa moja, na mkewe alifika wakati wanamwingiza chumba cha upasuaji. Hakuruhusiwa kumwona. Aliona buti moja tu, ya kulia, imewekwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kiti.

Baadaye, alipoweza kuongea, mwalimu alieleza. Jumamosi mchana jiwe lilibiringika likamponda mguu wa kushoto, mfupa ukatokeza. Alijivuta mpaka mahali pakavu, akaufunga kwa shati, akakitoa kifaa chake. Na hakukibonyeza. Alikaa nacho mkononi mpaka usiku ukapita.

"Ningekuwa na kile cha ujumbe ningekuandikia nimeumia mguu, njooni, siyo mbaya sana," alimwambia mkewe. "Hiki hakina kusema hivyo. Hiki ni kama unatangaza unakufa. Nikafikiria helikopta inakuja, magazeti, na kaka yangu anacheka. Nikasema ngoja, labda mguu utapata nafuu nitembee."

Jumapili asubuhi mguu ulikuwa umebadilika rangi, ndipo akabonyeza. Taa ikaanza kuwaka na kuzima. Alifurahi, akajua wanakuja. Alingoja siku nzima akitazama mbingu. Kifaa hakisemi, hakimwambii mtu kama amesikika. Jumatatu alidhani kimeharibika, akakipigapiga kwenye jiwe. Alilia, alisema. Na Jumapili ile anatazama mbingu, kaka yake alikuwa anasikiliza mpira.

Madaktari waliutoa mguu chini ya goti. Daktari bingwa, mama mmoja mfupi asiyezungusha maneno, aliwaambia mlangoni kwamba ungeweza kuokolewa kama angefikishwa Jumapili.

Bwana Najua alisikia maneno hayo, kwa sababu alikuwa amefika, amesimama kwenye korido na mfuko wa machungwa. Shemeji yake alimgeukia. Manesi walipunguza mwendo.

"Shemeji, kituo walikupigia lini?"

"Jumapili."

"Kabla sijakupigia mimi, au baada?"

Aliyatazama machungwa yake. "Kabla."

"Kwa hiyo nilipokuambia amesafiri, ulijua umewaambia uongo."

"Shemeji, najua nilikosea, lakini mimi nilijua kwamba—"

"Hukujua." Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kazini, hakuipandisha. "Walipokuuliza hukujua. Ungesema 'sijui, ngoja nimuulize mkewe.' Ni maneno mangapi hayo? Sawa, ulikosea, kila mtu anakosea. Halafu mimi mwenyewe nikakupigia, nikakuambia hayupo. Ulikuwa na simu mkononi. Ungewapigia ukasema nimekosea, nendeni. Mguu wake ulikuwa bado ni mguu. Ukaona bora tungoje Jumatatu kuliko wewe uonekane hukujua. Na Jumatatu ukaona simu yangu inaita ukaiacha iite."

Bwana Najua aliukumbatia mfuko wa machungwa kifuani. Alikuwa mtu mkubwa, mabega ya kubeba matairi, na alisimama pale kama ameondolewa upepo.

"Nifanye nini, shemeji?" aliuliza mwishowe.

"Sijui," mama alisema. "Unaona? Linatamkika."

Akaingia wodini, akamwacha na machungwa yake.

Msinitake niseme wamepatana, kwa sababu sijui. Najua hiki: mwalimu hawezi tena kukaa kiti cha pembeni cha lile gari, maana breki ya mwalimu ilikuwa upande wa mguu aliouacha hospitali. Shule ilimpa darasa la nadharia. Anasimama na magongo mbele ya ubao, anachora makutano ya barabara, na wanafunzi wanasema hapigi kelele kama zamani.

Mkewe anampenda, na bado hajamsamehe. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya nyumba moja na yanakula meza moja. Asubuhi moja ya mapumziko alikuwa anamsuka binti nywele pale pale kwenye kochi, mume akajikongoja mpaka mlangoni na buti ya kulia mguuni.

"Unaenda wapi?" mke aliuliza bila kuinua macho.

Mwalimu alisimama, akageuka mzima mzima.

"Naenda kwa fundi viatu, yule wa nyuma ya posta," alisema. "Napita barabara ya chini, siyo ya ngazi. Simu ninayo, ina chaji. Nikichelewa nitapiga."

Lilikuwa jibu kamili. Mke aliendelea kusuka, mkono wake haukusimama, ila binti aliona kwamba macho ya mama yake yamejaa. Mwalimu akatoka, gongo, buti, gongo, na wakamsikiliza mpaka alipopinda kona.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kuna watakaotoka hapa wakisema kile kifaa cha kitufe kimoja ni kibaya. Kamwe. Kilifanya kazi yake mpaka betri yake ikakaribia kwisha, na ndicho kilichomleta mtu yule nyumbani akiwa hai. Watu waliokizunguka ndio walioharibika. Unayekwenda porini peke yako, chagua kifaa ukiwa umekaa na yule atakayebaki akikusubiri, kwa sababu ni chake kuliko chako. Wewe utakuwa unatazama njia. Yeye hana cha kutazama isipokuwa hicho. Mkikubaliana, usirudi dukani kinyemela. Kilipie, kijaribu uani kwako, mwachie maelezo ya unakopita na siku ya kurudi. Na nambari utakayoandikisha iwe ya mtu anayejua uliko, siyo ya mtu anayejua kila kitu.

Nanyi mnaomcheka mwanamume anayemwambia mkewe anakokwenda, mkimwita mbuzi, mkimwita mfungwa: kicheko chenu kilikata mguu wa mtu, na kisu mlikishika pamoja. Nendeni mkacheke sasa.

Na wewe uliyezoea kuwa na jibu la kila swali, siku moja simu italia, na sauti usiyoijua itakuuliza habari ya mtu wako. Kama huijui, sema hujui. Kama ulishajibu ukagundua umekosea, piga tena dakika ile ile, hata uonekane mjinga mbele ya mji mzima. Kusema sijui hakuumi. Kinachouma, kamuulizeni mwalimu wa udereva.